Nani kazima taa? Kisa cha sura ya filamu, kutoka Vugiri hadi Netflix

Wiki chache zilizopita nilikuwa nyumbani Endagikot, upande wa Mbulu. Kwa ambao hamjafika kwetu, naomba kwanza mfute kichwani ile Afrika ya kwenye kalenda, yenye jua jekundu na mti mmoja wa mgunga. Mbulu ni nyanda za juu. Kuna asubuhi ukungu unashuka mpaka ng'ombe wa jirani unaisikia kengele yake tu, yeye mwenyewe humuoni. Watu wanatembea wamejifunika mashuka mazito. Rangi ya kwetu ni kijani na kijivu.

Jioni moja nikaingia kibanda umiza. Kijana mwenye kibanda alikuwa na flashi yenye tamthilia mpya ya kwenye intaneti, moja ya zile zinazosifiwa sana mjini. Akaweka. Dakika kumi hivi tunatazama giza. Tunasikia watu wananong'ona, tunaona kama bega, kama dirisha, kama jicho. Mzee mmoja aliyekaa mbele akashindwa kuvumilia: "Kijana, umeme umepungua nini?" Mwenye kibanda akajibu kwa adabu: "Hapana mzee, ndivyo ilivyotengenezwa." Akachukua rimoti, akapandisha mwanga mpaka mwisho. Ile nyeusi ikageuka majivu, na hatukuona kitu chochote kipya. Watu wakacheka. Mwishowe akatoa flashi, akaweka filamu ya zamani ya marehemu Steven Kanumba. Sebule, makochi, taa zote zimewaka, kila sura inaonekana mpaka jasho la kwenye paji la uso. Kibanda kikatulia.

Nimerudi mjini na swali la yule mzee. Kwa nini filamu na tamthilia za Netflix na wenzake zina sura inayofanana? Mnaijua hiyo sura: giza lililokolea, uso uko safi lakini nyuma yake pamefifia, rangi zimepoa kama zimefuliwa mara nyingi, taa ya mezani ndiyo inayoangaza chumba kizima. Na kwa nini Bongo muvi zilikuwa kinyume chake kabisa? Wengi wetu tuliosoma tuna jibu la haraka: wale wana utaalamu, sisi hatuna. Nimefuatilia historia kidogo, na naona jibu hilo halitoshi. Sura ya filamu huamuliwa na barabara inayopita kumfikia mtazamaji, na yule anayelipia barabara hiyo. Ilikuwa hivyo kwetu tangu kabla babu zetu hawajaoa.

Tuanzie Vugiri, milima ya Usambara, Tanga. Kati ya mwaka 1935 na 1937 kulikuwa huko na mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Fedha kubwa ilitoka shirika la Carnegie la Marekani, na nyuma yake kulikuwa na baraza la kimataifa la wamisionari. Aliyesimamia upigaji picha ni Meja L. A. Notcutt, mtu aliyekuwa amesimamia mashamba ya mkonge na kuona kwamba sinema ingeweza kuwatuliza vibarua. Walitengeneza filamu 35 kwa miaka hiyo michache, kuhusu kodi, minyoo, benki ya posta, kilimo. Halafu wakazungusha kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda, hadi Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini.

Hapa ndipo panaponivutia. Wakati ule sinema za mijini zilitumia filamu pana ya milimita 35. Mradi wa Vugiri ulitumia ile nyembamba ya milimita 16, kwa sababu ni nyepesi na rahisi, na inabebeka kwenye lori. Sauti haikuwa kwenye filamu yenyewe, ilikuwa kwenye sahani za santuri, ili ukifika kwa watu wa lugha nyingine ubadilishe sahani tu. Kwa hiyo hata mdomo wa mwigizaji na maneno havikuwa na ulazima wa kwenda pamoja. Kama leo ungeziona filamu hizo ungeweza kusema ni kazi ya watu wasiojua. Kumbe ni lori ndilo lililoamua.

Mwaka 1939 serikali ya Uingereza ikaunda Colonial Film Unit, na mtu mkubwa pale alikuwa William Sellers, aliyekuwa mtumishi wa afya Nigeria. Sellers alikuwa na imani moja iliyogeuka kuwa sheria: kwamba Mwafrika hawezi kuelewa picha ya haraka. Basi kamera isikimbie, picha zisibadilike upesi, ujanja wa kamera usitumike, jambo lionyeshwe taratibu kutoka mwanzo mpaka mwisho. Kwa miaka kadhaa filamu zilizotengenezwa kwa ajili yetu zilikuwa za polepole na za wazi kupita kiasi, na sababu yake ni dhana ya mtu aliyeko London kuhusu macho ya mtu aliyeko kijijini. Yule mtu wa kijijini wenyewe walimtazama na kumwandikia ripoti, ila kumuuliza anapenda kuona nini lilikuwa jambo la nadra.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 zikaja filamu za Kiswahili za kuigiza, zilizotengenezwa Tanganyika na kampuni ya Afrika Kusini. Moja iliitwa Muhogo Mchungu, na nyota wake alikuwa Rashidi Mfaume Kawawa. Ndiyo, huyohuyo Simba wa Vita, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wetu mwaka 1962! Wengi wa rika langu hawajui kwamba kabla ya siasa mzee Kawawa alikuwa mwigizaji.

Sasa kuna jambo jingine la kiufundi ambalo lazima tuligusie, maana linahusu ngozi zetu. Filamu ya rangi ni kemikali, na kemikali hupimwa kwa kitu fulani. Kwa miongo mingi maabara za picha zilipima rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mweupe. Kadi hizo zikaitwa "Shirley", jina la mmoja wa wanawake wa mwanzo waliopigwa picha hizo. Uso wa Shirley ukitoka vizuri, basi mashine iko sawa. Mtu mweusi akisimama karibu na mweupe anatoka meno na macho tu. Jean-Luc Godard, mwongozaji maarufu aliyealikwa Msumbiji mwishoni mwa miaka ya 1970, alikataa filamu ya Kodak akisema ina ubaguzi. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, alieleza jambo la kuchekesha na kuumiza: malalamiko yaliyoisukuma Kodak kuboresha rangi za kahawia yalitoka kwa watengeneza chokoleti na wauza samani za mbao. Kwanza chokoleti, halafu sisi.

Kwa hiyo ukiona filamu zetu za zamani zimewashwa taa nyingi usoni, usicheke haraka. Aliyepiga picha alikuwa anapigana na kemikali isiyotengenezwa kwa ajili ya uso uliokuwa mbele yake.

Baada ya uhuru tulijaribu kushika usukani wenyewe. Kampuni ya Filamu Tanzania ilianzishwa mwaka 1968, na Taasisi ya Audio Visual ikafuata mwaka 1974. Zikatoka kazi kama Fimbo ya Mnyonge, na mwaka 1985 Arusi ya Mariamu, iliyoongozwa na Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill. Lakini filamu mbichi iliagizwa kwa fedha za kigeni, na mnakumbuka, au mmesimuliwa na wazazi, hali ya fedha za kigeni miaka ya 1980. Nchi inapanga foleni ya sukari, nani ataagiza filamu? Tanzania Bara ilikaa bila televisheni mpaka 1994, wakati Zanzibar walikuwa nayo, tena ya rangi, tangu 1973. Pengo hilo lilizibwa na kanda za VHS, na VHS ikazaa vibanda. Ndani ya vibanda wakazaliwa watafsiri kama Lufufu, waliokuwa wanaifasiri filamu ya Kichina au ya Kimarekani kwa Kiswahili huku wakiongeza chumvi na pilipili zao.

Hapo ndipo ilipozaliwa Bongo muvi. Miaka ya 2000 kamera za video zikashuka bei, Kanumba akaenda kushirikiana na Wanigeria kwenye Dar 2 Lagos mwaka 2006, na biashara ya kanda na diski ikapamba moto. Tazameni diski yenyewe ilivyokuwa. VCD inabeba picha ya pikseli 352 kwa 288 tu, na mkondo wa picha ni kama megabiti 1.15 kwa sekunde. Ukiweka kivuli kwenye VCD, kivuli kinavunjika vipande vipande kama matofali. Ukiweka mwendo wa kasi, nao unavunjika. Tena diski moja inabeba kama dakika 74 hadi 80. Sasa wewe ni mwongozaji, filamu yako itatazamwa kwenye televisheni ya inchi 14, mchana, mlango uko wazi, watoto wamejaa mlangoni, sauti ya jenereta iko nje. Utafanya nini? Utawasha taa zote. Utawakalisha watu kwenye kochi ili wasikimbie. Utawafanya waseme kila kitu kwa mdomo, ili hata asiyeona asikie. Utaikata filamu Part 1 na Part 2, maana diski mbili ni mauzo mawili.

Simaanishi kwamba makosa hayakuwepo. Yalikuwepo, tena mengi: kipaza sauti kinaonekana kwenye fremu, hadithi inakwisha hewani, filamu nzima inapigwa kwa siku chache. Lakini ile sura yenye mwanga mwingi tuliyokuwa tunaicheka ilikuwa inamjibu mtazamaji halisi. Kanumba alipofariki tarehe 7 Aprili 2012, nchi ilisimama. Watu hawamlilii hivyo mtu ambaye hawakumuona sura yake vizuri.

Haya, tuje Netflix. Nao wana lori lao.

Netflix ilipoanza kutengeneza tamthilia zake, House of Cards ikiwa mbele mwaka 2013, ilikuwa inauza kitu kimoja: picha bora kuliko televisheni ya kawaida. Televisheni za 4K ndizo zilikuwa zinaingia madukani. Basi ikaweka sharti kwamba kazi zake zipigwe kwa kamera zenye uwezo kamili wa 4K, yaani pikseli 3,840 kwa 2,160. Kuna orodha rasmi ya kamera zilizoidhinishwa, na kwa kazi zake za kuigiza angalau asilimia 90 ya muda wa filamu iwe imepigwa kwa kamera za orodha hiyo. Kamera ya ARRI Alexa, iliyotoka mwaka 2010 na ambayo wapiga picha wengi wa Hollywood waliipenda kuliko zote, ilibaki nje kwa kuwa jicho lake halikufikia 4K. Ilibidi ARRI watoe Alexa LF mwaka 2018 ndipo mambo yakae sawa. Watu wengi duniani wakajikuta wanatumia kamera chache zilezile, za jicho kubwa, zinazofifisha nyuma kwa urahisi.

Sababu ya pili ni kwamba kamera hizo zinaona gizani. Sony Venice, iliyotangazwa mwaka 2017, inaweza kupiga picha safi kwa taa ya mezani. Zamani mpiga picha aliwasha taa kwa sababu bila taa hakuna picha. Sasa anaweza kuzima, na kuzima kunaokoa muda na fedha. Sababu ya tatu, picha haikamiliki tena kwenye kamera. Inapigwa ikiwa imepauka makusudi, halafu rangi zinawekwa kwenye kompyuta, mbele ya skrini ya bei mbaya, ndani ya chumba cheusi kabisa. Anayeamua kwamba giza limetosha amekaa gizani!

Hata Wamarekani wenyewe wameshalalamika. Aprili 2019 Game of Thrones ilionyesha vita ya usiku katika kipindi cha The Long Night, na mamilioni ya watu wakauliza swali lilelile la mzee wa Endagikot. Mpiga picha wake, Fabian Wagner, akajitetea kwamba picha iko sawa, shida ni televisheni za watu na jinsi faili lilivyobanwa. Kwa upande wake alikuwa na haki. Lakini mtengeneza viatu akisema viatu vyake ni sawa, miguu ya watu ndiyo yenye shida, tutamjibu nini?

Na hapa nifanye hesabu kidogo. Netflix wenyewe wanashauri uwe na intaneti ya megabiti 15 kwa sekunde ili upate 4K. Ukitazama kwa simu kwa mpangilio wa kubana matumizi, wanasema GB 1 inakupa kama saa 6. Gawanya mwenyewe: ni chini ya megabiti 0.4 kwa sekunde. Yaani mtu wa bando anapata mkondo mwembamba kuliko ule wa VCD ya mwaka 2005! Ni kweli ubanaji wa kisasa una akili zaidi, megabiti moja ya leo inabeba mengi kuliko ya zamani. Lakini kivuli bado ndicho kinachokufa kwanza. Picha imetengenezwa kwa ajili ya mtu wa megabiti 15 mwenye sebule yenye pazia, inamfikia mtu wa 0.4 aliyesimama kituo cha daladala saa saba mchana.

Kwa nini haya yananiuma mimi? Kwa sababu sasa hivi vijana wenzangu wenye kamera, Dar, Arusha, Mwanza, wanakimbilia sura hiyohiyo. Wanashusha rangi zilizopikwa tayari kutoka intaneti, wanazimwaga juu ya picha zao, wanazima taa, wanasema "imekaa kimataifa." Nawaelewa. Mlango wa kimataifa umefunguka kweli. Binti, ya Seko Shamte, iliingia Netflix mwaka 2022, ikahesabiwa filamu ya kwanza ya Kitanzania kufika huko. Mwaka huohuo Wakenya wakatoa Country Queen. Kila mtu anataka kufanana na kinachonunuliwa.

Lakini tukumbuke rangi za huko nje zimebeba nini. Filamu ya Hollywood ikienda nchi za watu weusi au kahawia, picha inageuka manjano. Extraction ya Netflix, mwaka 2020, iliipaka Bangladesh manjano mpaka watu wakapiga kelele. Na sisi wa kaskazini tulishapakwa zamani. Hatari! ya Howard Hawks, yenye John Wayne, ilipigwa Tanganyika upande wa Arusha na Ngorongoro, ikatoka mwaka 1962, na mpiga picha wake Russell Harlan akapendekezwa Oscar. Ni picha nzuri kweli, vumbi la dhahabu, faru wanakimbia. Dunia ikajifunza kwamba kaskazini mwa Tanzania ni vumbi la dhahabu. Ngorongoro haiko mbali na kwetu, na hata pale ukingoni mwa kreta kuna ukungu ambao bado unasubiri filamu yake.

Sisemi turudi kwenye makochi na taa za kuunguza macho. Kamera za sasa zinaitendea haki ngozi nyeusi kuliko kemikali ya Shirley ilivyowahi kufanya. Moonlight ya mwaka 2016 ilipigwa kwa Alexa, na ngozi nyeusi inang'aa mle ndani usiku kama mbalamwezi. Hapa kwetu Amil Shivji alipoigeuza riwaya ya Adam Shafi, Vuta N'kuvute, kuwa filamu mwaka 2021, hakuogopa vivuli vya Zanzibar, na Tanzania ikaipeleka kuwania Oscar, mara ya kwanza tangu Maangamizi ya mwaka 2001. Giza linaweza kuwa letu pia. Ila liwe giza tulilolichagua kwa sababu hadithi inalitaka.

Kwa hiyo ninyi mnaopiga filamu, nina ombi dogo la mwandishi asiyejua kushika kamera. Kabla hamjaitoa kazi, itoeni kwenye ile kompyuta ya gharama. Iwekeni kwenye simu ya kawaida, tokeni nayo juani. Iwekeni kwenye televisheni ya kibanda, mlango ukiwa wazi, watu wakiwa wanaingia na kutoka. Ikisomeka hapo na bado ni nzuri kwenye chumba cheusi, mmeshinda. Notcutt alimpelekea lori mwananchi, Sellers akamwamulia kasi, Kodak ikampimia ngozi kwa Shirley, Netflix ikampangia kamera. Wauza diski wa Kariakoo, pamoja na makosa yao yote, walau walijua mteja wao anakaa wapi.

Asubuhi ya kuondoka Endagikot ukungu ulikuwa umeshuka mpaka barabarani. Nikatoa simu, nikapiga picha. Simu ikajaribu kunisaidia, ikaongeza joto la rangi, ukungu ukatoka wa manjano kidogo kama jioni ya Serengeti. Nikafuta. Nikazima msaada wake, nikapiga tena. Safari hii ikatoka ya kijivu, na ng'ombe wa jirani anaonekana kidogo tu, pembe moja na kengele.

Ile nimeihifadhi.